Paa la Gari la Shamba

Gari la kwanza nililoliunda maishani mwangu lilipinduka kabla ya kufika popote. Lilikuwa gari la ndani ya kompyuta. Halikumwaga damu wala petroli, na mpwa wangu, aliyekuwa akiliendesha kwa ncha za vidole, alicheka mpaka akajiinamia. Nyuma yetu alikuwa amekaa ami yangu, mzee wa miaka 78, na yeye hakucheka. Aliuliza swali moja tu. Swali hilo nitalifikia, lakini namwomba msomaji anivumilie, kwani nakwenda kwa mwendo wa gari la shamba: nasimama kila penye mtu.

Mchezo wenyewe unaitwa Automation. Umetengenezwa na Camshaft Software, kampuni iliyoanzia New Zealand, na uliingia nyumbani kwangu Kiponda ndani ya kompyuta mpakato ya huyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anasomea ufundi wa mitambo na hulala kwangu siku za masomo kwa kuwa kwao ni Kizimkazi. Nilipoambiwa ni mchezo wa magari nilidhani ni mashindano ya mbio, kelele na moshi. Sivyo. Mchezaji hapewi gari. Hupewa kampuni, fedha za kuanzia, kiwanda, na kalenda inayoanza mwaka 1946 na kwenda hadi 2020. Hupewa pia ulimwengu wa kubuni wenye nchi zinazoitwa Gasmea, Hetvesia, Fruinia na nyenginezo, kila moja na watu wake na haja zao: huyu anataka gari la kupelekea watoto skuli, yule la kubebea mizigo, yule la kuonewa wivu. Kazi yako ni kuliunda gari kuanzia injini hadi taa ya nyuma, kisha kulipangia bei, kisha kungoja uone kama watu watalinunua au utafilisika.

"Anza na injini, mjomba," mpwa wangu aliniambia usiku wa kwanza, akanisogezea kompyuta kama mtu anayemsogezea mwenziwe sinia.

Nikaanza. Unachagua silinda ngapi na zikae vipi. Unachagua upana wa silinda, na masafa ambayo pistoni itapanda na kushuka ndani yake. Niliweka silinda 4, kila moja upana wa sentimita 10 na masafa ya sentimita 10, kwa sababu tu tarakimu hizo ni nyepesi kukumbuka, na kompyuta ikaniambia injini yangu ni ya lita 3.14. Mwalimu wa hesabu atatabasamu. Mimi nilihitaji kuelezwa ni kwa nini. Kisha unachagua kama itakuwa ya chuma cha kusubu, kizito na rahisi, au ya aluminiamu, nyepesi na ghali. Unachagua vali zifunguliwe kwa vijiti virefu vinavyopanda kutoka chini, kama injini za malori ya zamani, au kwa kamshafti iliyowekwa juu kichwani. Kabureta ngapi. Mbano wa kiasi gani, na petroli ya daraja gani, kwani mbano mkubwa juu ya petroli hafifu huifanya injini igonge na kujivunja yenyewe. Kila unapogusa kitu kimoja, upande wa skrini tarakimu nyingine husogea. Ukitaka nguvu zaidi, uzima wa injini unapungua. Ukirefusha masafa ya pistoni upate nguvu ya kuvuta kwa mwendo mdogo, injini haiwezi tena kuzunguka haraka. Ukitengeneza kila kipande kwa chuma bora, bei inapanda na miaka ya kuitayarisha inaongezeka, na mshindani wako keshauza.

Hapa ndipo mchezo uliponinasa. Mimi nimeishi na mashairi tangu utotoni, na najua adha ya mtu mwenye mizani 8 mkononi na neno la mizani 5 analolipenda kuliko maneno yote. Analiweka, halafu inambidi aangalie mizani 3 zilizobaki zinaweza kubeba nini. Akibadilisha kina cha kati, mishororo mingine yote inamdai. Asiyetunga hudhani kwamba shairi ni maneno mazuri yaliyopangwa. Mtunzi anajua kwamba usiku mzima ameutumia kuyatoa mazuri ili yabaki yanayoingia. Sikujua kwamba mtu anayeunda injini hulala na adha hiyo hiyo. Nilikuwa nikidhani kuwa wahandisi huhesabu tu, na hesabu ikisha kufanyika jibu huwa ni moja. Kumbe majibu ni mengi, na kila jibu lina kilio chake.

Usiku wa tatu nilimwambia mpwa wangu kwamba sitaki kuwauzia watu wa Gasmea. Nataka kuunda gari la Makunduchi.

Alinielewa mara moja, kwani yeye mwenyewe hupanda namba 326 kila Ijumaa kwenda kwao, kama wa Makunduchi wanavyopanda 310 na wa Nungwi 116. Gari la Makunduchi maana yake ni gari la shamba: lori dogo lililovuliwa bodi yake ya nyuma na kuvishwa nyingine ya mbao, lenye mabenchi marefu pande mbili, abiria wakitazamana magoti kwa magoti, madirisha wazi yenye turubai la kuteremshwa mvua ikija, na paa linalobeba kila kilichokataa kukaa chini: magunia ya muhogo, matenga ya samaki, baiskeli, kitanda cha bibi harusi. Ni gari ambalo mgeni huliona ukale na mwenyeji huliona kawaida. Wachache sana huliona kama kitu kilichofikiriwa na mtu.

Tukaanza kutafuta. Chesisi ya ngazi ilikuwemo, na ekseli nzima ya nyuma, na springi za mabamba. Hivyo vyote ndivyo vilivyoko chini ya gari la shamba. Kwa chesisi mchezo unakuuliza chuma chako kiwe cha namna gani: cha kawaida, kilichopakwa zinki, au chenye kuhimili kutu. Kuna tarakimu maalumu inayoonesha gari litastahimili vipi hali ya hewa na kuoza. Nikaifurahia mno tarakimu hiyo. Mtu wa kisiwani hahitaji kuelezwa maana yake. Hapa upepo wa bahari hula gari kama mchwa anavyokula boriti, na chuma kisichopakwa kitu huanza kutoa vipele kabla deni lake halijalipwa.

Halafu tukafika kwenye bodi. Mchezo una bodi nyingi mno, za kila zama, nazo huvutwa kwa kipanya zikanyooka au kufura kama unga wa mkate. Nyenzo zake ni chuma, aluminiamu, faiba na nyuzi za kaboni. Mbao hazimo.

"Hakuna mbao," nikasema.

"Nani anaunda gari kwa mbao, mjomba?" mpwa wangu akauliza.

Kutoka nyuma yetu sauti ikasema, "Mimi."

Ami yangu ni ndugu mkubwa wa marehemu baba yangu. Alianza kazi ya useremala mwaka 1962, akiwa kijana wa miaka 15, kwenye karakana ya Ng'ambo iliyokuwa na paa la makuti na sakafu ya vumbi la msumeno. Tangu alipofiwa na mkewe anakaa kwangu. Siku nyingine huniita kwa jina la baba. Siku nyingine anakumbuka bei ya misumari ya mwaka ambao mimi sijazaliwa. Usiku ule ilikuwa siku yake njema. Nilimvutia kiti mbele ya kompyuta, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu nilimsikia akieleza kazi yake, kwa sababu kwa mara ya kwanza palikuwa na mtu aliyemuuliza.

Alisema lori huja na chesisi na chumba cha dereva, basi. Zamani Bedford na Austin, baadaye Isuzu na Toyota. Fundi analitazama kwanza siku nzima bila ya kushika randa. Analizunguka, analipanda, anawaita vijana wake wasimame nyuma yote halafu wote wasimame upande mmoja, aone linavyolala. Kisha analaza mihimili ya mbao ngumu juu ya chesisi, na baina ya mbao na chuma anatia vipande vya mpira wa tairi kuukuu, kwani chuma hujipinda barabarani na mbao ikibanwa nacho moja kwa moja hupasuka. Alilisema hili kwa heshima, kama mtu anayetoa siri ya ukoo. Mihimili ni mkuku, akasema. Nguzo za pembeni ndizo mataruma. Maneno hayo ni ya jahazi. Aliyemfundisha alikuwa mtoto wa fundi wa majahazi wa Nungwi, na mafundi wa Nungwi, kama ijulikanavyo, hujenga bila ya mchoro: jicho, uzi na kumbukumbu.

"Na viungo?" mpwa wangu akauliza. "Hamkutumia skrubu?"

"Skrubu na bolti zilikuwepo, mjukuu wangu. Lakini kiungo hukifungi kikakaza kama jiwe. Gari la mbao lazima lilie kidogo. Likinyamaza, jua linakaribia kuvunjika."

Mpwa wangu alinitazama. Juma lile lile skulini walikuwa wamefundishwa kwamba daraja na ndege huachiwa nafasi ya kupinda. Alikuwa ameyaandika hayo kwenye daftari kama habari za mbali.

Hapo ndipo kijana alipouliza swali ambalo nadhani kila kijana wa pwani hii ameliuliza: mbona sisi hatukuwahi kuunda gari letu? Nilimjibu kwa nilichokuwa nikikijua. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Yakaundwa magari 5 ya mfano, yakaitwa Pioneer Nyayo, yakazinduliwa Kasarani mwaka 1990, na hakuna mtu aliyewahi kulinunua hata moja, kwani fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Shirika lililoundwa kwa ajili yake likaishia kuwa karakana ya kuchonga vipuri, Numerical Machining Complex. Kwetu Tanzania, Kibaha, kuna kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya jeshi, ambacho katika miaka ya 1980 kilitengeneza lori lililoitwa Nyumbu. Makerere walionesha Kiira EV mwaka 2011, gari la umeme la viti 2. Kampuni ya Mobius ya Kenya iliunda gari la barabara mbovu lililovuliwa kila pambo, ikaliuza, na mwaka 2024 ikatangaza kufunga milango kwa ajili ya madeni kabla ya kupata mnunuzi.

Usiku mwengine ningeyasema hayo kwa masikitiko ya kawaida, na kuishia kuwalaumu wakubwa. Lakini nilikuwa tayari nimefilisika mara mbili ndani ya mchezo, na mara zote mbili kwa gari zuri. Hapo ndipo mchezo huu unapokuwa mwalimu mkali. Kuunda gari moja ni jambo la usiku mmoja. Kuunda la pili mpaka la elfu kumi, yote sawasawa, kwa bei ambayo mtu anayo mfukoni, ndiyo kazi. Na kazi hiyo hula fedha miaka mitatu au minne kabla gari la kwanza halijatoka mlangoni. Waliounda Nyayo hawakushindwa kuunda gari. Walikwama kwenye ukurasa wa kiwanda, mahali pale pale nilipokwama mimi na watu wangu wa Gasmea. Tofauti ni kwamba mimi nilibonyeza kitufe nikarejea mwaka 1946.

Ami alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila ya hasira, "Na yangu je? Si magari?"

Sikuwa na jibu. Kadi ya gari huandikwa jina la aliyeunda injini na chesisi. Ami alivisha bodi magari ambayo kwa hesabu yake yanazidi 60, na kwenye kadi zote hizo yeye hayumo. Ni Bedford, ni Isuzu. Nasi wenyewe tumezoea kuhesabu hivyo hivyo. Mtu akiulizwa habari za usafiri wa kale wa kisiwa hiki atakutajia reli ya Bububu, ya maili 7, iliyofunguliwa mwaka 1905 na Wamarekani, na pengine ataongeza kwamba Bububu imepata jina lake kutokana na mlio wa treni. Maneno hayo ya mlio wa treni nimeyasikia tangu mtoto, ilhali Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyewahi kukaa huko, ameitaja Bububu kwa jina lake hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1886. Mashine ilikuta jina, ikapewa na jina. Mafundi waliovisha malori mbao hawakupata hata hayo ya uzushi.

Basi tukaamua, mimi na kijana, kuliunda gari la ami kwa nyenzo zilizokuwepo. Mbao hakuna, tutachukua bodi ya chuma ya gari la mizigo na kuivuta ifanane. Tulimpa injini ya chuma cha kusubu, ya vijiti, yenye masafa marefu, isiyo na haraka. Springi tukazilegeza, abiria wasirushwe. Na paa tukalipandisha mpaka mwisho wa kiasi kinachoruhusiwa, kwa sababu mimi, niliyekwenda Makunduchi mara nyingi shingo ikiwa imepinda kama ndoana, nilikuwa na kisasi cha miaka mingi na paa la gari la shamba. Nikasema: katika gari langu mtu mzima atasimama wima. Kompyuta ikaniongezea alama za starehe. Nikajiona nimewazidi mafundi wote.

Ami alikuwa amesinzia kitini.

Gari likishaundwa ndani ya Automation, laweza kuhamishwa kwenye mchezo mwengine, BeamNG.drive, uliotengenezwa Bremen, Ujerumani, ambao ndani yake chuma hukunjika na springi hulala kwa hesabu zile zile za duniani. Mpwa wangu alilihamisha. Likaonekana likisimama kwenye barabara ya vumbi, refu, jeupe, la kuchekesha kidogo. Akaliondoa taratibu. Akaongeza mwendo. Palikuwa na kona ya kuteremka, si kali, na alipoikata gari likalala upande mmoja, likasita, mtu angeweza kuhesabu mpaka mbili, kisha likaenda. Liligaragara mara tatu. Mlango mmoja ukang'oka ukaendelea na safari peke yake.

Kijana akacheka, nami nikacheka pia. Sitaki kujifanya mwema.

"Walikuwa wangapi ndani?" ami akauliza.

Alikuwa macho. Sijui alikuwa macho tangu lini.

"Hamna watu, babu. Gari tupu. Mchezo tu."

"Walikuwa wangapi?"

Kijana akanyamaza. Mimi nikasema, "Hapana mtu, ami. Hapana aliyeumia." Akatikisa kichwa, si kwa kukubali. Alikaa kimya kwa muda, mikono yake juu ya magoti. Halafu akatueleza jambo ambalo katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa akilijua, wala baba yangu sidhani kama alilijua.

Mwaka 1974 tajiri mmoja wa magari alimletea lori jipya akamtaka alivishe bodi, ila paa alitaka liwe juu, watu wapande kwa raha, wamsifu. Ami alimwambia haifai. Tajiri akasema fundi wako wa zamani alikuwa mfupi ndiyo maana mapaa yenu yako chini. Watu wakacheka, ami alikuwa kijana wa miaka 27, akaona haya. Akaliinua paa vidole vinne. Vidole vinne tu, akasema, akatuonesha mkono wake. Gari lilikwenda miezi minane bila ya tatizo, na lilisifiwa kweli. Kisha siku moja ya mavuno, paa limejaa magunia, lililala kwenye kona ya kuteremka. Kona aliitaja, mimi sitaitaja, kwani wenyewe wapo. Walikuwa 23 ndani. Wawili hawakufika kwao, na mmoja wao alikuwa mtoto wa kubebwa.

Hakuna aliyemlaumu. Watu walisema dereva, walisema mvua, walisema magunia, walisema kudra. Tajiri mwenyewe alikuja kumpa pole ya hasara. Ami alikwenda kwenye maziko yote mawili akasimama nyuma. Tangu siku hiyo, kila gari alilolivisha alilishusha paa vidole vinne chini ya kipimo alichofundishwa. Abiria walimnung'unikia miaka arobaini. Hakuwajibu. "Shingo itauma saa moja," alituambia, "wakifika nyumbani itapona."

Nilikumbuka shingo yangu, na kisasi changu.

Kompyuta ilikuwa bado inatuonesha gari likiwa limelala ubavu, magurudumu yakizunguka polepole. Mpwa wangu aliifunga picha ile. Akarudi kwenye Automation, akafungua ukurasa wa springi, na huko akanionesha kitu ambacho nilikipita bila ya kukisoma: tarakimu inayosema gari litalala kwa nyuzi ngapi likikata kona. Ilikuwepo muda wote. Mimi nilikuwa nikitazama alama za starehe.

"Babu," kijana akasema, "vidole vinne ni sentimita ngapi?"

Ami hakumwelewa. Kijana akaleta rula, akaushika mkono wa mzee kwa adabu, akaulaza juu ya meza, akapima. Sentimita 7 na nusu. Akaziandika kwenye daftari lake la skuli. Kisha akauliza baina ya benchi na benchi ni kiasi gani, na ami akatandaza shibiri zake mezani, moja baada ya moja, na kijana akazipima zote. Wakaenda hivyo mpaka adhana ya alfajiri ya msikiti wa jirani: urefu wa nguzo, upana wa mlango wa nyuma, kidato cha kupandia, ncha ya nyuma inaweza kutokeza kiasi gani kupita gurudumu kabla lori halijaanza kunyanyua pua. Kila kipimo kilikuwa na sababu, na sababu nyingi zilikuwa ni mtu: mwanamke mjamzito mmoja wa Donge, mvuvi aliyekuwa na mguu mmoja, mwalimu mrefu kupita kiasi.

Sitasema kwamba magari ya mbao yarudi. Mbao hupasuka vipande kama mikuki katika ajali, na mwenye kuwa na mtoto wa kumpeleka skuli ana haki ya kutaka basi la chuma lenye viti vinavyotazama mbele na mkanda. Ami mwenyewe, akiulizwa, husema angekuwa kijana leo angejifunza kuchomea vyuma. Tulipokuwa tukipima hatukuwa tukizungumzia hayo.

Daftari lina vipimo 41. Vingine ami amevitoa mara mbili, na mara ya pili vimetofautiana na vya kwanza. Kijana ameviandika vyote viwili pamoja na tarehe. Kipimo kimoja hakipo kabisa. Ni pembe ya paa, namna linavyoteremka kidogo kuelekea nyuma maji yasituame. Tulimuuliza siku tatu. Kila siku alipandisha mkono, akaulaza hewani, akautazama, kisha akaushusha. Siku ya nne akasema mkono umesahau, ila jicho likiona litajua.

Basi Jumamosi iliyopita tulimpeleka Kijangwani. Tulimshika mimi huku na kijana huku, tukapita baina ya mabasi mpaka tulipoona gari la mbao, la buluu, utingo wake akipakia mikungu ya ndizi juu. Ami alilizunguka kama alivyosema fundi hulizunguka. Alipapasa nguzo. Aliinama akachungulia chini, akatafuta vipande vya mpira baina ya mhimili na chesisi, na kwa taabu kubwa akainuka. Utingo alimwamkia, akamuuliza kama anakwenda Jambiani.

"Shikamoo, mzee. Unapanda?"

"Marahaba. Sipandi," ami akasema. Kisha akatugeukia. "Silo langu hili."

Kijana alikuwa tayari ameshatoa rula. Akairudisha mfukoni, na tukaelekea kwenye gari la pili.